Mti wa Shangazi: siku nane nikifuata mepo New England, kaskazini mashariki ya Marekani

Siku ya kwanza: Lowell, Massachusetts

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa reki. Shangazi alinikabidhi asubuhi akirudi zamu ya usiku, viatu bado miguuni: "Baba, nisaidie na huo uwanja, majani yamenizidi." Nikatoka na reki yangu. Nusu saa baadaye nikagundua kitu: majani yote niliyokuwa nakusanya yalikuwa ya jirani. Mti wa jirani ulikuwa mwekundu kuanzia kileleni hadi tawi la chini, na kila upepo ukipita unamwaga upande wetu. Mti wa shangazi ulikuwa umesimama palepale mbele ya baraza, mnene, kijani kibichi, haujadondosha jani hata moja.

"Huo ndio ulionifanya ninunue nyumba hii," shangazi akaniambia kutoka mlangoni. "Aliyeniuzia alisema ni mepo, mti wenyewe ule wa shira, na vuli ikifika unawaka kama moto. Mwaka wa kumi na moja huu naungoja. Barabara nzima inageuka, wangu unanitazama tu. Kisha Novemba, watu wameshafunga madirisha, ndiyo unajipaka manjano."

Nieleze maneno mawili hapa. Vuli yao si vuli ya mvua. Ni miezi ya baridi kuanza na majani kupukutika. Na mepo ni huo mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anasema nikilitamka haraka watu watadhani nafuata pepo.

Nilichuma jani moja la mti wa shangazi. Pana kuliko kiganja changu, ncha tano kubwa, na juu yake madoa meusi ya mviringo kama matone ya lami, makubwa kiasi cha sarafu. La jirani lilikuwa dogo, ncha tatu zinazoonekana vizuri, ukingo wenye meno meno, na kikonyo chekundu. Miti miwili, yote inaitwa mepo, hata sura hazifanani. Nikayabana yote mawili ndani ya daftari. Binamu alikuwa na wiki ya likizo na gari lenye matairi mapya. Tukakubaliana.

Siku ya pili: Boston

Gari tuliliacha. Treni kutoka Lowell inashuka hadi North Station, kisha unaingia njia ya rangi ya chungwa hadi kituo cha mwisho, Forest Hills. Kutoka hapo ni kutembea kidogo tu hadi Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ilianzishwa mwaka 1872. Mwaka 1882 ardhi ikakabidhiwa kwa jiji la Boston, na jiji likaikodisha tena kwa chuo kwa miaka 1,000. Nilimsomea binamu mara mbili, miaka elfu moja, kwa sababu sisi mtu mwenye hati ya miaka 99 tayari anatembea kifua mbele. Kuingia ni bure.

Uzuri wa pale ni kwamba kila mti una kibati chenye jina lake na mahali ulikotoka, ukisoma gome na kibati pamoja unapata historia ya safari. Sehemu ya mepo peke yake ingetosha siku nzima. Kuna mepo za Japani zenye majani madogo yaliyochanika kama vidole vya mtoto. Kuna mepo moja ya Uchina ambayo gome lake linajiviringa na kubanduka lenyewe, jembamba, rangi ya hudhurungi. Nisingeambiwa ningesema ni mdalasini unaanikwa. Miche yake ililetwa hapa mwaka 1907 na Ernest Henry Wilson, mtafuta mimea aliyezunguka sana milima ya Uchina. Mti huu ni mgeni, lakini ni mgeni mpole: mbegu zake nyingi ni ganda tupu, ndani hamna kitu. Hauwezi kutoroka bustani hata ukitaka.

Mama mmoja mwenye glavu alikuwa anapogoa karibu na njia. Binamu ndiye mwenye ujasiri, akamsalimia, nami nikafungua daftari. Aliangalia jani la jirani sekunde moja: mepo nyekundu, ya hapa hapa. La shangazi hakuliangalia hata kidogo. Alilipindua, akashika kikonyo, akakivunja. Ajabu ni kwamba jani lilikuwa na siku moja daftarini, bado likatoa tone dogo jeupe, zito, kama maziwa ya papai bichi.

"Norwe," akasema.

Hiyo ndiyo dalili yake. Mepo za asili za New England ukivunja kikonyo unapata maji maangavu, mepo ya Norwe inatoa maziwa. Dalili ya pili ni hayo madoa ya lami: ni kuvu aliyetoka Ulaya pamoja na mti wake. Ya tatu ni mbegu. Mbegu za mepo huwa mbili mbili zenye mabawa, na ukizirusha hewani zinashuka zikizunguka kama pangaboi. Za mepo ya sukari, ile ya shira, mabawa yake huinama pamoja kama kwato. Za mepo ya Norwe yamenyooka kabisa huku na huku, kama mtu aliyefungua mikono kuzuia njia. Na ya nne ndiyo iliyomkera shangazi miaka yote: Oktoba wenzake wakiwaka, huo bado uko kijani. Unafuata kalenda ya kwao.

Ulifikaje? Anayetajwa kuuleta ni John Bartram, mtunza mimea wa Philadelphia, mwaka 1756. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kupamba bustani za watu wachache. Kilichoufikisha mbele ya baraza za watu wa kawaida kama shangazi nilikielewa vizuri kesho yake.

Kabla hatujaondoka yule mama alitunyooshea kidole ng'ambo ya barabara. Julai 2010, palepale, nje ya ukuta wa bustani, walikuta miti 6 imeingiwa na mbawakavu kutoka Asia. Wakaikata na kuchoma haraka, wakapekua miti ya eneo lote, na mwaka 2014 Boston ikatangazwa safi. "Mnaenda Worcester?" akauliza. Hatukuwa tumepanga. Tukapanga.

Siku ya tatu: Worcester

Mji wa vilima, karibu saa moja kwa gari. Tulifika mtaa wa kaskazini uitwao Greendale nikaona jambo ambalo lisingenigusa siku mbili kabla: nyumba zilikuwa za zamani, miti ilikuwa ya juzi. Vijiti vyembamba vya aina mbalimbali vimefungiwa nguzo, kivuli chake hakitoshi hata kuku.

Hadithi ya pale ina tabaka. Zamani miji ya pande hizi ilipandwa elmu barabarani, miti mirefu inayokutana juu kama dari. Miaka ya 1930 ugonjwa wa kuvu ukaingia Marekani, elmu zikaanza kufa. Kisha Juni 1953 kimbunga cha ardhini kikapita Worcester, kikaua watu 94 na kung'oa kila kitu njiani mwake. Watu walitaka kivuli, tena upesi. Mepo ya Norwe ikawa jibu: inastahimili moshi, udongo uliokandamizwa na magari, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mepo ya sukari haiwezi hivyo vyote; chumvi hasa inaikausha kuanzia ncha. Basi wakapanda Norwe, na Norwe, na Norwe. Mtaa kwa mtaa.

Agosti 2008 mbawakavu akaonekana. Mdudu mweusi anayeng'aa, madoa meupe mgongoni, vipapasio virefu kuliko mwili wake vyenye pete nyeupe na nyeusi. Inaaminika aliingia nchini ndani ya mbao za kufungia mizigo. Jike hutafuna kishimo kwenye gome, anataga yai, na buu linapotoka linachimba kuingia moyoni mwa mti. Humo linakula mwaka, pengine miwili. Mdudu mzima akitoka anaacha tundu la mviringo kamili, unaweza kuingiza penseli. Hana dawa ukishachelewa, ni msumeno. Na chakula anachokipenda kuliko vyote ni mepo. Worcester na vitongoji vyake vilikata zaidi ya miti 30,000.

Mzee mmoja aliyekuwa anaosha gari alituona tunatazama juu ambako hakuna kitu. Alisema kabla ya hapo chumba chake cha juu hakikuhitaji hata feni. Walikuja wiki moja, akasema, siku ya Jumatatu kulikuwa na mtaa, Ijumaa kulikuwa na jua. Alituonyesha kisiki ambacho mashine ilikisaga lakini duara lake bado linajulikana kwenye majani, kwa sababu nyasi zake zina rangi tofauti. Nilisimama katikati ya hilo duara. Kutoka ukingo hadi ukingo zilikuwa hatua mbili na nusu.

Tunao msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni wa Ulaya aliitwa kumponya mwenyeji aliyeuawa na maradhi ya kuletwa, kisha akaja mgeni wa Asia akamla mgeni wa kwanza. Binamu alisema tuondoke kabla sijaanza kuhutubia.

Kitu cha kukumbuka kwa anayepita: kuni hazitolewi nje ya eneo la karantini. Buu husafiri vizuri sana kwenye buti la gari.

Siku ya nne: Bonde la mto Connecticut

Tulivuka kuelekea magharibi hadi Hadley na Northampton. Bonde ni pana, mashamba yamelala tambarare, na mto unapita katikati taratibu. Usitafute mepo ya sukari hapa chini, haipendi miguu yake iwe majini. Ukingoni mwa mto mwenyewe ni mepo ya fedha. Tuliteremka njia ya matope hadi tukaingia chini yake, na pale ndipo nilipoelewa jina: upepo ukipiga, majani yanapinduka yote kwa pamoja na upande wa chini ni mweupe wa kung'aa. Jani lenyewe limekatwa kwa ndani sana, karibu kufika kwenye mshipa. Mashina mengi yalikuwa na mstari wa matope makavu kimo cha kifua changu, kila mti kimo kilekile. Ni alama ya mafuriko ya majira ya kuchipua.

Mti huu umepanga maisha yake kwa hayo mafuriko. Wakati mepo ya sukari na ya Norwe zinamwaga mbegu vuli, mepo ya fedha inamwaga mwishoni mwa majira ya kuchipua, maji yakishashuka na kuacha tope jipya. Mbegu haisubiri, inaota siku hizohizo.

Hapo ndipo pia nilipojiaibisha. Chini ya ule msitu kulikuwa na vijiti vingi vyenye majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na binamu alikuwa ameshanitisha asubuhi juu ya mmea wa majani matatu ambao ukiugusa ngozi inavimba wiki nzima. Nikaruka nyuma kama niliyeona nyoka, mguu ukazama hadi gotini. Mtu mmoja aliyekuwa na mbwa akacheka mpaka akaegemea mti. Ile, akasema, ni mepo pia. Ndiyo pekee ya pande hizi ambayo jani lake limegawanyika vipande vitatu hadi saba, na ina miti ya kiume na ya kike mbalimbali. Jinsi ya kuitofautisha na ile ya sumu: hii vijitawi vyake hukaa viwili viwili vikitazamana, ile ya sumu majani yake hupishana. Mepo zote hutazamana. Kanuni hii ingeniokolea soksi.

Tulipofika mjini Northampton nikatazama juu barabarani. Norwe. Mita mia chache kutoka mtoni, ni nchi nyingine.

Siku ya tano: Vermont

Ukivuka mpaka kuingia Vermont kitu cha kwanza ni ukimya wa macho. Mabango ya matangazo ya barabarani yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1968, kwa hiyo ni vilima na mawingu tu, na Oktoba hii vilima vilikuwa vimewaka. Sitajaribu kueleza rangi. Kila aliyejaribu ameishia kutaja moto. Nitaeleza zinakotoka. Manjano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza kijani, manjano inabaki peke yake. Nyekundu ni hesabu nyingine: inatengenezwa upya siku za mwisho, kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha ndio unaoikoleza. Ndiyo maana mwaka mmoja ni mkali na mwingine umefifia, mti ni uleule.

Mepo ya sukari ni mti rasmi wa Vermont tangu 1949, na hili jimbo dogo hutoa karibu nusu ya shira yote ya mepo ya Marekani. Tulisimama shamba moja lenye banda la mbao, lenye paa dogo juu ya paa kwa ajili ya kutolea mvuke. Mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa anakagua mipira. Msitu wake wote umeunganishwa na mipira myembamba ya buluu, inashuka kutoka mti hadi mti kama kamba za kuanikia nguo za jitu fulani, mpaka kwenye tangi bandani. Ndoo tunazoziona kwenye picha, alisema, anatundika tatu barabarani kwa ajili ya wageni kama ninyi.

Kazi yenyewe haifanyiki vuli. Ni kati ya Februari na Aprili, usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka. Hilo pandashuka ndilo linalosukuma maji ndani ya mti. Wiki nne hadi sita, basi. Anatoboa tundu jembamba kuliko kidole kidogo, lenye kina cha sentimita nne au tano, na hatoboi pale pale mwaka unaofuata. Alinishika mkono akauweka kwenye gome, nikapapasa: kovu, kovu, kovu, yamejifunga kama vitovu, yanazunguka shina lote. Mti usiofika unene wa sentimita 25 hivi hauguswi, na kuufikia huo unene ni kama miaka 40. Waabenaki, wenyeji wa ardhi hii, walikuwa wakipata sukari kwenye miti hii kabla Wazungu hawajafika.

Maji yanayotoka ni maangavu, ukionja unasema ni maji tu mpaka ulimi ushtuke mwishoni. Sukari ni asilimia 2 hivi. Yanachemshwa mpaka lita 40 zibaki lita 1, na shira iko tayari ikizidi joto la maji kuchemka kwa nyuzi 4. Alituwekea kijiko kimoja kimoja. Binamu aliomba cha pili bila aibu.

Nikamwonyesha jani la shangazi, nikamuuliza kama unaweza kutoboa mti ule. Alisema kutoboa unaweza, hata mepo nyekundu inatoboka, ila utachoma kuni nyingi kwa shira kidogo. Kisha akatupeleka nyuma ya banda kwenye mstari wa mepo kongwe kando ya barabara, zilizopandwa na watu wa karne ya kumi na tisa, nusu yake vilele vimekauka. Chumvi. Hatua 30 ndani ya msitu, mepo ya umri huohuo, zimenenepa. Udongo nao una neno lake: mti huu hupenda udongo wenye chokaa, usiotuama maji, na mvua ya tindikali ya miongo iliyopita iliosha chokaa hiyo vilima vingi. Akaniambia ukikuta mepo za sukari zimestawi kweli, tazama chini, utaona vitunguu mwitu majira ya kuchipua. Mti anausoma kwa kuinama.

Siku ya sita: Underhill na Mlima Mansfield

Usiku baridi ilishuka hadi kioo cha gari kikaganda. Underhill iko magharibi ya Mansfield, mlima mrefu kuliko yote Vermont, mita 1,340. Hapo chini Chuo Kikuu cha Vermont kina kituo cha utafiti wa mepo pekee, kilichopo tangu miaka ya 1940. Tulipita tu, tulitaka kupanda.

Kupanda mlima huu ni kama kupanda ngazi yenye mpangaji tofauti kila ghorofa. Chini ni mepo za sukari pamoja na miti ya gome laini la kijivu. Ukiingia kwenye kivuli chake, unakutana na mepo yenye mistari, na huu ndio mti niliouchagua mimi. Ni mwembamba, hauna haraka ya kufika juani. Gome lake ni la kijani lenye michirizi myeupe wima, kama tikiti lililonyooshwa, na jani ni kubwa, lenye umbo la unyayo wa bata, manjano laini. Musi, yule mnyama wa jamaa ya kulungu anayezidi farasi kwa urefu, humenya gome lake. Tuliona meno yake juu kuliko kichwa changu, na kicheko cha binamu kikakatika palepale. Jambo jingine: mti huohuo unaweza kuwa dume mwaka mmoja na jike mwaka mwingine.

Juu zaidi, mepo ya mlimani, kichaka tu, majani yenye meno makubwa, karibu yote yameshadondoka. Halafu misonobari mifupi iliyojikunja, halafu mawe. Kwenye mawe upepo ulikuwa wa kutukana. Ziwa Champlain lilionekana kwa dakika mbili, likafungwa na wingu.

Tangu tuache barabara kuu asubuhi nilikuwa nahesabu Norwe. Sikupata hata moja.

Siku ya saba: Barabara ya Kancamagus, New Hampshire

Kilomita 55 kutoka Lincoln hadi Conway, inakatiza msitu wa White Mountains. Hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Hili nililisoma kwenye kibao tulipokuwa tumeshakipita, taa ya njano inawaka, mbele yetu msururu wa magari ya watu waliokuja kupiga picha za majani. Tulipanda hadi sehemu ya juu kabisa ya barabara, mita 870 hivi, binamu akazima kila kitu kinachozimika, kisha tukateremka tukiomba. Kwa hiyo uzuri wa Kancamagus sikuuona vizuri. Nakumbuka mepo nyekundu zimezunguka bwawa, na sindano ya mafuta.

Mepo nyekundu ingestahili siku yake. Ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko mti wowote mashariki ya Marekani. Ipo kinamasini, ipo kwenye mwamba, ipo nyuma ya maegesho ya magari. Chipukizi nyekundu, ua jekundu, kikonyo chekundu. Rhode Island waliifanya mti wao mwaka 1964. Hatari yake moja: majani yake yaliyonyauka ni sumu kwa farasi.

Conway tulijaza mafuta. Kituoni palikuwa na mtalii wa Kanada, nikamweleza habari za jani langu, akatoa noti ya plastiki ya dola 20 za kwao na kucheka. Ilipotoka, wapo wataalamu wa mimea waliodai jani lililochapishwa humo ni la Norwe! Benki Kuu yao ikajibu kwamba ni jani la kubuni tu, si la aina moja ya mepo. Tuliweka noti na jani la shangazi sambamba juu ya boneti. Mimi sina la kusema. Ila madoa ya lami hayakuwepo.

Siku ya nane: Lowell

Niliamka mapema nikaenda kwenye kijisitu mwisho wa barabara ya shangazi, kati ya reli na uwanja wa mpira. Wiki moja kabla ningesema ni msitu. Safari hii niliinama kama nilivyofundishwa. Juu kulikuwa na mialoni na mepo nyekundu, sakafu nyekundu yote. Lakini miche ya chini, ile ya kimo cha goti, ilikuwa kijani. Nikavunja kikonyo: maziwa. Wa pili: maziwa. Nilivunja ishirini, kumi na saba vilikuwa na maziwa. Mepo ya Norwe inafunga kivuli kizito chini yake, mimea mingine haipati mwanga, watoto wake wenyewe wanavumilia. Massachusetts na New Hampshire zimepiga marufuku kuiuza na kuiotesha, lakini iliyokwisha kusimama haiulizwi, na mbegu zake hazisomi sheria.

Shangazi nilimkuta jikoni, karudi zamu, chai mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kumpa habari kwa upole. Nikamwekea jani bichi mezani, nikamwonyesha pa kuvunja. Akavunja, akatazama lile tone jeupe likitanda kwenye kucha ya kidole gumba. Nikamweleza yote: Norwe, kalenda, lami, kijisitu. Akanyamaza.

"Kwa hiyo mwekundu hautakuja kuwa."

"Hautakuwa, shangazi."

"Na shira?"

"Kidogo sana."

Alisimama akaenda dirishani na kikombe chake. Mti ulikuwa palepale, kijani, umeziba jua lote la asubuhi, na ndiyo maana chumba chake anacholala mchana hakihitaji pazia nene.

"Basi nisiwe naungoja tena," akasema. "Ila zile mbegu zinazoangukia kule kwenye reli, baba, kabla hujaondoka chukua reki."